Kiu ya Mama

6 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama barua yako haiko. Sisi wazima kiasi chetu. Ninashona sare za shule, mashati meupe mia na ishirini, na cherehani imeanza kukata uzi kila ninapokuwa na haraka. Shemeji yako bado yuko ghalani, anarudi, anakula, anasinzia kwenye kiti na kudai anasikiliza redio. Mpwa wako amefaulu hesabu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo huu.

Haya, sasa kaa chini. Ni Mama. Ile saratani ya titi aliyokatwa miaka mitatu iliyopita, ambayo sote tulisema imekwisha, haikwisha. Mgongo ulimuuma tangu mwaka jana, akanificha kama kawaida yake, mpaka siku moja akashindwa kuinuka kutoka chooni. Wamempiga picha. Imeingia mfupani, kwenye uti wa mgongo na kwenye nyonga. Daktari wetu ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Amempa dawa za saratani na za maumivu, na tarehe ya kurudi.

Nimemhamishia kwangu, kwenye chumba cha kushonea, godoro liko chini ya dirisha. Kazi yake ni kunichambulia vifungo, vya shati huku, vya sketi kule, kisha anavirudisha kwenye kopo lile lile na kuanza upya. Ameniuliza mara mbili unakuja lini. Mara ya pili nilijifanya sijasikia kwa ajili ya kelele za cherehani.

Barua hii nampa dereva wa lori la chokaa kama siku zote, kwa kuwa simu yako huko mlimani ni ya kuangalia saa tu.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mwambie shemeji redio haisikilizwi kwa kukoroma. Mpwa wangu mwambie mjomba wake anajivuna naye mpaka wenzangu wamechoka, na aje anihesabie magunia.

Huku tanuri limewashwa tangu Jumatatu. Likishawaka halipaswi kupoa mpaka jiwe lote liive, kwa hiyo tunapokezana kulilisha kuni, na chakula chetu kina majivu kuliko chumvi. Kikohozi ninacho lakini kila mtu hapa anacho, hata msimamizi ambaye hagusi kitu.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Halafu nikasimama nikatembea mpaka mwisho wa machimbo na kurudi. Dada, mfupa ni kalsiamu, hilo tulifundishwa shuleni, na hiyo kalsiamu ndiyo iliyomo kwenye hili jiwe ninalochoma kila siku. Ukuta usio na chokaa unamomonyoka. Mimi sina elimu ya daktari wenu lakini hilo nalijua. Nimemwagiza dereva apite duka la dawa pale njia panda anunue chupa tatu za vidonge vya kalsiamu, vile vyeupe vya mviringo. Mpe viwili kila asubuhi, usiruke siku. Mwambie vimetoka kwa Kitinda wake.

Kuhusu kuja, tutaona tanuri likizimwa.

Mdogo wako


20 Machi

Kitinda,

Hatujambo. Usinune kwamba dereva alirudi mikono mitupu wiki mbili zilizopita. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye beseni la kufulia.

Vidonge vilifika. Mama alizipakata chupa zako asubuhi nzima, akaita majirani waje kuziona. "Kitinda wangu kaniletea." Mimi ninayemwogesha sijawahi kuonyeshwa mtu yeyote. Kila asubuhi namwekea viwili mkononi na kikombe cha chai, kama ulivyoamuru, bwana daktari wa mawe.

Lakini hali yake siielewi. Ana kiu ambayo sijapata kuiona. Jagi zima linakwisha kabla ya saa nne asubuhi, naye anaomba jingine. Maji hayo yanatoka vilevile yalivyoingia, na mara nyingi hayangoji afike chooni. Kuna siku nimefua mashuka manne. Wakati huohuo choo kikubwa hakipati, siku ya tano leo. Chakula akikiona anageuza uso. Analala mchana kutwa, na akiamka macho yanazunguka chumbani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Jumapili aliniita "dada", akaniuliza kama mbuzi wamerudi. Hatujawahi kufuga mbuzi. Nilicheka, kisha nikaenda uani nikalia kidogo, nikarudi kushona.

Nadhani ni uzee, na zile dawa za maumivu. La mashuka nimelitafutia utaratibu, sasa ni mawili tu kwa siku. Tarehe ya kwenda hospitali ni mwezi ujao. Hukusema lolote kuhusu kuja.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole sana kwa kufua. Sisi huku tuko salama, ila mwenzetu mmoja chokaa ilimwingia jichoni na sasa anavaa kitambaa kama jambazi.

Dawa za maumivu zinalewesha, mimi mwenyewe nilipovunjika kidole niliongea na ndoo. Nafikiri udhaifu huo ni wa mifupa. Nimetuma chupa mbili nyingine, sasa mpe vitatu badala ya viwili. Akiuliza tena habari za mbuzi, mwambie wamerudi wote.

Ruhusa bado. Msimamizi ni mgumu, unamjua.

Mdogo wako


17 Aprili

Kitinda,

Salamu za watu wengine utazipata siku nyingine. Mama yuko hospitali. Yu hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Jumanne asubuhi nilimwamsha, hakuamka. Anapumua, macho anafungua nusu, lakini ukimwita anaitikia kama mtu aliye chini ya kisima. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Shemeji yako alimbeba mgongoni mpaka kwenye teksi, na siku hiyo sikumsikia akisema amechoka.

Yule daktari mwembamba alimtoa damu, majibu yakarudi mchana. Akanivutia kiti. Ukishaona daktari akikuvutia kiti ujue kuna jambo. Akasema kalsiamu imejaa kwenye damu ya Mama kupita kiasi. Saratani ikikaa mfupani inaufanya mfupa ujile, na kalsiamu iliyokuwa humo inamwagikia kwenye damu. Ikizidi, figo zinashindwa kushika maji, mtu anakojoa mpaka anakauka, na akikauka inazidi kukolea. Kiu ile ndiyo hiyo. Choo kigumu, kichefuchefu, usingizi, wale mbuzi, vyote ni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nasema uzee.

Wamemtundikia dripu ya maji ya chumvi, chupa baada ya chupa, na nesi anapima kila kinachotoka. Baada ya hapo wakamwekea dawa nyingine, kachupa kadogo kanachoingia kwa robo saa tu. Hiyo inazuia mifupa isiendelee kubomolewa, lakini haifanyi kazi siku hiyohiyo, inabidi kungoja siku mbili tatu. Usiku wa kwanza ilimletea homa, wakasema ni kawaida yake. Leo asubuhi amefungua macho akaniambia nimekonda.

Daktari aliuliza kama kuna dawa yoyote anayopewa nyumbani. Nikatoa chupa zako kwenye mkoba. Akazisoma, akaziweka juu ya meza upande wake, hakunirudishia. "Nani alimpa hizi?" Nikasema tulitumiwa. Akasema zisitumike tena, hata moja.

Basi, usitume tena.

Dada yako


1 Mei

Kitinda,

Leo dereva ameshuka na magunia bila barua. Nimemuuliza kama u mgonjwa, akasema u mzima, unakula, ila huongei.

Mama amerudi nyumbani tangu wiki iliyopita. Kalsiamu kwenye damu yake imeshuka karibu na inavyotakiwa. Anatembea mpaka dirishani kwa kushika ukuta, choo anapata, na ameanza tena kunikosoa jinsi ninavyokunja mashati. Daktari alitueleza wazi kwamba dawa ile haitibu saratani. Inashusha kalsiamu, inampa Mama akili yake, kisha itapanda tena. Lini, hajui.

Sasa hivi anatujua sote. Jana amekuulizia kwa jina lako kamili, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelikumbuka. Andika.

Dada yako


14 Mei

Dada,

Shikamoo. Watu wote nawasalimu.

Barua yako ya tarehe kumi na saba naitembeza mfukoni, imechanika kwenye mikunjo. Nimejaribu kujibu mara nne. Kila nikifika kwenye neno kalsiamu kalamu inasimama.

Damu ilikuwa imejaa kalsiamu, na mimi nikawa naituma kwa chupa. Nikaongeza. Wewe ulisema analala mchana kutwa, mimi nikasema mpe vitatu. Sikumuuliza mtu, sikumuuliza hata yule muuza duka. Nilijiona fundi kwa sababu nachoma mawe. Kama angekufa Jumanne ile, ningekuwa nimemuua mama yangu kwa mkono wangu.

Usiniambie nije. Nitamwangaliaje? Mwambie nipo, kazi ni nyingi. Wewe ndiye uliyemwokoa, kaa naye wewe.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Mpwa wako anakusalimu, shemeji yako anakusalimu, cherehani imepata mkanda mpya. Nimeyasema hayo haraka kwa sababu nikichelewa nitaghairi.

Siku ile ya pili Mama akiwa hospitali, Jumatano, nilirudi nyumbani kumalizia mashati yaliyokuwa yanasubiriwa. Nikaingiza mkono kwenye kopo la vifungo, nikachukua kimoja cheupe, nikakitafutia tundu la kupitisha uzi nikakosa. Nikakigeuza, upande wa pili nao hauna. Nikakibonyeza kwa kucha kikavunjika unga. Kitinda, nililimwaga lile kopo lote mezani. Vidonge vyako vilikuwamo humo vyote, katikati ya vifungo vya shati, isipokuwa labda vile vya siku mbili za mwanzo. Kila asubuhi nikimpa, nikigeukia cherehani, Mama alikuwa anavitumbukiza. Zile chupa mbili za mwisho sikuzifungua kabisa, alikuwa hawezi tena kumeza kitu kigumu.

Kwa hiyo hukumlisha Mama kitu. Na daktari alisema, siku ileile niliyokuandikia, kwamba kilichoijaza damu ni saratani yenyewe, hata kama vidonge havikufaa kuwapo. Sikukuandikia hilo. Nililiacha makusudi.

Alipopata fahamu nilimuuliza. Akasema vinamkwama kooni, vina ladha ya ukuta, na nisikuambie kamwe kwa sababu ulivituma mwenyewe. Nikaapa. Kiapo hicho nilikipenda, nacho kilinisaidia mimi kuliko yeye. Nitakuambia kwa nini.

Unakumbuka utaratibu wangu wa mashuka? Nilimnyima maji. Kuanzia mwezi wa tatu nilimpa kikombe asubuhi, kikombe mchana, na baada ya saa kumi jioni sikumpa kitu. Jagi nililiweka juu ya kabati. Alikuwa ananyoosha mkono kulielekea, nami namwambia, "Mama, kesho." Nilikuwa nimechoka kufua. Mgongo uliniuma, mashati yalichelewa, shemeji yako alikuwa analala kwenye harufu ya mkojo bila kulalamika na hilo nalo liliniudhi. Daktari aliponiuliza kama Mama anakunywa maji ya kutosha, nilimtazama usoni nikasema ndiyo, sana. Naye akanieleza, bila kujua anamwambia nani, kwamba mtu wa namna hii maji ndiyo dawa yake ya kwanza, na kwamba ukavu ndio uliomfikisha pale alipofika.

Halafu akaziona chupa zako. Nikapumua, mdogo wangu. Nikaandika barua ile nikijua utaisoma vipi. Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeisoma mara moja tu, sijaweza mara ya pili.

Sasa yaliyobaki. Kalsiamu imepanda tena. Safari hii niliijua mapema, alipoanza kuomba maji, na niliyaleta, niliyaleta mpaka akanicheka. Jumatatu amewekewa tena dripu na ile dawa ya robo saa. Jana alikuwa na akili zake. Daktari anasema mara hii imerudi upesi kuliko alivyotarajia, na dawa ikiwekwa mara ya tatu huenda isishike kabisa. Mama hatakungoja umalize kujihukumu kwa kosa ambalo hukulifanya. Njoo akiwa bado anakujua.

Ukifika usiniongeleshe kama hutaki. Nitaelewa.

Dada yako


5 Juni

Dada,

Shikamoo. Umetoka kwenda sokoni kununua nyuzi, nami nimekaa kwenye kiti chako cha kushonea. Ningeweza kukuambia haya ana kwa ana, lakini tangu nifike jana tumeongea habari za barabara na kikohozi changu tu, kwa hiyo naandika kama tulivyozoea. Barua nitaibana chini ya sindano ya cherehani. Dereva leo hana kazi.

Sikusubiri lori. Niliposoma yako nilitelemka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Nilikukasirikia kutoka kwenye tanuri hadi kwenye daraja. Nilikuwa nakutukana kwa sauti, watu wananipisha. Baada ya daraja nikaanza kukumbuka kwamba wewe umefua na mimi sijafua hata shuka moja, na hasira ikakosa pa kukaa. Sikudanganyi kwamba imekwisha. Nikiliona lile kabati bado nainua macho juu.

Na mimi nina langu. Msimamizi hakuninyima ruhusa. Alinipa mwezi wa pili, siku ileile niliyomwambia, tena wiki tatu. Karatasi ninayo. Unakumbuka nilipokuja mara ya mwisho, Mama akiwa ametoka kukatwa, hana nywele, nikaondoka siku mbili kabla ya siku yangu nikasema nimeitwa kazini? Hakuna aliyeniita. Safari hii niliogopa kumwona vile tena. Nikatuma chupa tatu ziende badala yangu, na nikakuagiza umwambie zimetoka kwangu ili asiulize mwenyewe yuko wapi. Kwa hiyo usijidhani wewe peke yako.

Asubuhi hii ulipokuwa unaoga, Mama aliniita pale dirishani. Aliniita kwa lile jina la utotoni. Amepungua sana, Dada, hukuniandikia jinsi alivyopungua, nami nashukuru, maana nisingekuja. Alinishika mkono akaugeuzageuza, akasema chokaa imenila vidole. Kisha akasema, "Vile vidonge vyako vilinisaidia sana. Nilimeza vyote, hakubaki hata kimoja."

Kopo la vifungo lilikuwa mapajani mwake, anachambua.

Nikamwambia, "Nashukuru, Mama. Nilijua vitakufaa." Akafurahi. Nikiwa naandika haya akaniomba maji, nikalishusha jagi kutoka mezani nikammiminia, akanywa kikombe kizima bila kupumzika, akanipa kikombe kitupu akaniambia nimjazie tena. Nimemjazia. Anakunywa sasa hivi ninapoandika, ananitazama, na ananijua.

Kitinda